Karani Mwenye Sugu Kifuani

Kama hujafika miaka thelathini na unasoma haya huku umejishika ziwa la kushoto, nakuomba kwanza uutoe huo mkono. Mimi niliuweka pale miaka miwili na haukunisaidia kitu. Nilitembea nao hivyo sokoni, nikakaa nao hivyo kanisani, nikapigwa nao picha siku ya kipaimara cha binamu yangu, na ukiiona picha hiyo leo utadhani nimeficha kifaranga ndani ya shati. Siandiki ili unionee huruma. Huruma nilipewa tele wakati ule, na watu wazima wenye akili zao, na ndiyo iliyokaribia kunimaliza.

Jina la ugonjwa wangu lilikuwepo nyumbani kwetu kabla ugonjwa wenyewe haujafika. Baba alikufa nikiwa darasa la saba. Aliondoka asubuhi kwenda kwenye shamba la tumbaku akiwa mzima, akarudishwa kabla ya saa sita mchana amebebwa. Hakuna daktari aliyemgusa. Lakini hata matanga hayajaanuliwa, mtaa mzima ulikwishajua kuwa ni moyo, na waliojua zaidi ni wale ambao hawakuwahi hata kumsalimia. Kwa hiyo siku nilipomwambia mama kwamba kifua kinanichoma upande wa kushoto, hakuniuliza kimeanza lini wala kinachoma namna gani. Aliweka mwiko chini, akaniangalia, akasema, "Ni ule wa baba yako."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu siku hiyo nikawa marehemu mtarajiwa.

Maumivu yenyewe sikuyabuni. Yalikaa pembeni mwa mfupa wa katikati ya kifua, kidogo upande wa kushoto. Nikivuta pumzi ndefu, yanachoma. Nikipiga chafya, machozi yananitoka. Kujigeuza kitandani ilinibidi nijipange kwanza. Na kucheka ndiyo kabisa, nilikuwa nikisikia mtu anaanza kisa cha kuchekesha naondoka barazani, watu wakaanza kusema ugonjwa umenitia majivuno.

Shangazi Menrada, dada yake baba, alifunga mizigo yake huko Peramiho akaja kukaa kwetu ili anilinde. Hakusoma zaidi ya katekisimu, lakini moyo wa binadamu aliujua kama chungu chake cha mboga. Akatoa amri: nisishike jembe, nisibebe maji, nisipande mlima Matogoro hata kwa hija, nisile chumvi, nisibishane na mtu. "Ila kazini aende," akasema. "Karani anakaa kwenye kiti tu. Kiti hakijaua mtu." Wote wakakubali. Jembe wakaliona sumu, kalamu wakaiona dawa. Shamba langu akabebeshwa dada yangu Skola, juu ya shamba lake mwenyewe na watoto wake watatu, na siku moja akitoka kuvuna, mgongo umempinda, alisimama mbele yangu nilipokuwa nimekaa na uji wangu.

"Moyo wako una akili, kaka," akasema. "Umejua hata siku za kuvuna."

Hakuwa anatania. Baada ya hapo tulisalimiana kama watu waliokutana stendi.

Sasa niseme kuhusu huo ukarani, maana ujinga wote ulilala hapo. Ni kweli niliwahi kuwa karani. Niliajiriwa na ushirika, nikakaa nyuma ya meza kwenye kituo cha kununulia mazao, na wazee walinisalimia mimi kwanza. Kisha likaja soko huria. Malori ya watu binafsi yakaanza kupanda kutoka Makambako, ushirika ukayumba, na sisi makarani tukapewa barua zenye mhuri za kutushukuru kwa utumishi wetu. Mimi nikabaki na kalamu. Tajiri mmoja wa mahindi, tuliyezoea kumwita Bosi tu, alikuwa amejenga ghala lenye ukuta mrefu pembeni ya mji, na humo ndimo nilipopata kazi ya kufunga lumbesa; nyumbani nikasema ni ukarani.

Kwa asiyejua lumbesa, na mwenye bahati hiyo ni nani: ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha mahindi juu yake, kilemba kikafungwa kwa wavu wa katani, na mkulima akahesabiwa kuwa ameuza gunia moja. Sasa kilemba hakikai chenyewe. Lazima mtu mmoja alikumbatie gunia kwa mikono yote miwili, alikandamize kwa kifua, kidevu juu, asukume mpaka nafaka ishuke, na hapo mwenzake apitishe shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na kukaza kamba. Kwa kuwa mimi ni mrefu, mkumbatiaji nikawa mimi. Msimu mzima nilikumbatia magunia kuliko nilivyowahi kumkumbatia binadamu yeyote.

Humo ndani tulikuwa sita, na hakuna aliyekuwa kuli. Alikuwepo mwalimu aliyechoka kusubiri mshahara, alikuwepo bwana shamba aliyepunguzwa, na wengine wenye vyeo vyao vya zamani, na tuliitana kwa vyeo hivyo hivyo. "Mwalimu, leta shazia." "Haya Karani, kumbatia." Kila mmoja alitoka kwake asubuhi amenyoosha shati, akalivua ndani ya ukuta na kuvaa gunia lililotobolewa shingo, na jioni akanawa, akavaa shati lake, akarudi nyumbani akiwa ofisa. Mimi kalamu yangu ilikuwa mfukoni daima. Hatukusalitiana. Hiyo ndiyo sifa pekee ninayoweza kutupa.

Wanasema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mimi ugonjwa sikuuficha hata kidogo, niliutembeza mji mzima. Nilichoficha ni kazi.

Msimu wa kwanza nilitibiwa na bwana mmoja mwenye koti jeupe. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa karibuni, na kila aliyekuwa na chumba cha mbele alijiona ameitwa na Mungu. Chumba cha huyu kilipakana na baa, hivyo wagonjwa tulisubiri kwenye viti vya baa, tukisikiliza muziki wa baa. Alinipima moyo juu ya shati, na juu ya shati kulikuwa na sweta, na vile vya kuweka masikioni vilikuwa bado vinaning'inia shingoni mwake. Akasikiliza hivyo hivyo. Akatikisa kichwa.

"Umewahi," akasema. "Ungechelewa wiki moja tu, tungekuwa tunaongea mengine. Unafanya kazi gani?"

"Karani."

"Ndiyo. Mawazo mengi."

Akanipa sindano nyekundu, siku saba mfululizo. Na sisi kwa dawa nyekundu tunajulikana, tunaiheshimu kuliko nyeupe. Baada ya sindano ya saba mvua za Desemba zikawa zimeshika, barabara zikaharibika, mahindi yakaisha, ghala likafungwa, nikakaa nyumbani. Kifua kikatulia. Kufikia Februari nilikuwa napiga chafya kama mtu huru. Shangazi Menrada akamchukulia yule bwana jogoo, na yule bwana akampokea jogoo kwa mikono miwili, kama aliyemfuga mwenyewe.

Mwezi wa sita mavuno yakaingia. Mwezi wa saba kifua kikarudi. Shangazi akasema ni baridi ya kipupwe, mama akasema ni hasira za mzimu wa baba. Jirani mmoja akasema ni kwa sababu nimeacha kula chumvi. Miaka miwili ugonjwa wangu ulifuata kalenda ya mahindi, ukija na mavuno na kuondoka na mvua, na katika ukoo mzima wa wakulima hakuna aliyeng'amua. Kiongozi wa wapumbavu hao ni mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne.

Safari hii nilipanga foleni hospitali ya serikali kupiga picha ya kifua. Baridi ya Julai ya Songea haina adabu, inapita kwenye sweta kama halipo. Tulikaa kwenye benchi nje tangu saa moja, na namkumbuka mama mfagizi ambaye kila baada ya muda aliweka ufagio chini na kutuambia tusimame, akalisogeza lile benchi kulifuata jua, kisha akatuambia tukae. Hakuna aliyemwagiza. Katika miaka ile miwili, yeye peke yake ndiye aliyenifanyia jambo lililonisaidia papo hapo. Picha ikatoka safi. Daktari akasema mapafu hayana kitu, akaniuliza kazi yangu, nikasema karani, akaandika dawa ya maumivu, akamwita mwingine. Sikumlaumu. Alikuwa amempima karani.

Picha kutoka safi haikumfurahisha mtu. Mtaani walianza kunong'ona kwamba kama si kifua kikuu basi ni ule ugonjwa mwingine ambao siku hizo hatukuutaja. Shangazi akakasirika kwa niaba ya ukoo, maana moyo ulikuwa ugonjwa wetu wa heshima, akanipeleka kwa fundi mmoja wa mitishamba. Huyo alinichanja chale saba pale pale panapouma, akasugua unga mweusi. Kesho yake asubuhi nikanyoosha shati, nikatia kalamu mfukoni, nikaenda kukumbatia magunia juu ya vidonda.

Mwili nao ukaanza kujitengenezea umbo lake. Bega la kushoto lilishuka kwa kujikunja. Mkono wa kushoto ukapungua, kitambi kikaongezeka kwa uji wa shangazi. Fundi cherehani aliyenipima suti ya harusi alizunguka mara mbili na futi yake shingoni, akauliza kwa upole kama koti alishone bega moja chini au anategemea nitanyooka.

Ndiyo, suti ya harusi. Haya yote ningeyavumilia mpaka leo kama si Akwilina. Alikuwa anafuma masweta kwa mashine katika kituo cha akina mama cha parokia, na alinipenda, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mimi nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuninong'onezea. Wengine wote walishusha sauti wakinikaribia. Yeye aliongea nami kwa sauti ile ile anayopigia kelele kuku. Baba yake alikuwa amefariki, na aliyemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Gervas, mkulima wa upande wa Hanga. Barua yetu ya posa iliandikwa kwa mwandiko mzuri, ikasema kijana wetu ni karani.

Siku ya kwenda kujitambulisha Mzee Gervas alifurahi kuona kalamu. "Afadhali karani," alisema, akimimina togwa. "Hawa wanunuzi wa sasa hawana aibu, mwanangu. Gunia langu wanalivalisha kofia ya askofu, halafu wananiambia ni gunia moja. Na mimi niko nje ya ukuta, sioni. Wale wanaolikumbatia kule ndani ndio ninaowachukia zaidi. Tajiri ni tajiri, tumemzoea. Lakini wale ni watoto wetu."

Nikasema, "Kweli, baba." Nikanywa togwa yake. Magunia yake niliyajua. Yalikuwa yameandikwa jina lake kwa mkaa, herufi kubwa, na herufi hizo zilinichafua kidevu.

Tangazo la kwanza la ndoa yetu lilisomwa kanisani Jumapili moja ya mwezi wa nane, msimu wangu wa tatu ghalani. Kwa Wakatoliki ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Kabla ya Jumapili ya pili Mzee Gervas alikuwa ameshasema. Alipanda baiskeli kutoka Hanga mpaka kwa padre, akamweleza kwamba amesikia bwana harusi ana moyo wa kurithi, na yeye hakumlea binti ili aje kumzika mume kabla ya mtoto wa kwanza kuota meno. Padre alituita. Akasema ugonjwa si kizuizi cha ndoa, lakini hatatangaza tena mpaka familia zipatane, na wakitaka kupatana waache uvumi, walete cheti cha daktari.

Shangazi Menrada alilia kwa kiburi fulani. Mama alisema labda ni mapenzi ya Mungu. Akwilina alikuja kwetu mchana kweupe, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Kama unakufa, kufa," akasema. "Lakini nataka kuambiwa na mtu aliyesoma, si shangazi yako. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema shangazi, kwa sababu salamu haikataliwi.

Nikaenda hospitali moja ya misheni, mbali, upande wa Tunduru. Nilipanda lori la Bosi. Ilikuwa kiangazi, barabara ni vumbi tupu, na njia nzima nilikaa juu ya magunia niliyoyashona mwenyewe, kila shimo likinikumbusha kazi yangu.

Kwenye benchi la hospitali ile tulikuwa vijana watatu, wote tumejishika kifua, kama tuliopangwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Mmoja binti wa Kiyao mwenye ushungi wa kijani, alikuwa ameshamuusia mama yake amlelee mtoto. Mwingine kijana mchimbaji wa mawe, kifua kilianza kumbana na moyo kumwenda mbio tangu kifusi kilipomfunika kaka yake. Binti aliingia wa kwanza, akatoka anacheka mwenyewe. "Alhamdulillahi," akatuambia, "kumbe ni asidi ya tumboni inapanda. Nimeambiwa nisilale na chakula kooni." Kijana alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na alituambia tu kwamba moyo wake ni mzima, ila ni hofu na msiba, na kwamba daktari alimwacha alie mpaka amalize. Nikawaonea wivu wote wawili. Nilijua wangu ndio wa kweli.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, wauguzi wakimwita Mama Eusebia. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Vua shati."

Miaka miwili, sindano saba, chale saba, na hakuna aliyewahi kuniambia vua shati isipokuwa yule fundi wa wembe.

Alinisikiliza kifua, mgongo, akanipima kwa mashine ya moyo yenye nyaya, akaangalia ile picha. Kisha akaweka kidole gumba pembeni mwa mfupa wa kifua, akabonyeza. Niliruka kitandani. Akasogea chini kidogo, akabonyeza tena, nikaruka tena. Akasema, "Moyo ungekuwa ndio unaouma, nisingeufikia kwa kidole." Halafu akawa anapitisha kiganja pale pale, taratibu, kama anayepapasa ubao kuona kama umepigwa randa.

"Unafanya kazi gani?"

"Karani."

"Karani." Akanigeuza kuelekea dirishani. "Hii ni nini?"

Nikatazama. Kwenye kifua changu, chini ya chale, ngozi ilikuwa nene, ya kijivu, ngumu kama kisigino.

"Ni sugu," akasema. "Nimeona makarani wenye sugu kwenye kidole. Wewe unaandika kwa kifua?"

Muuguzi aliyekuwa pembeni aligeuka ukutani kucheka. Na mimi nikacheka, ikanichoma, na katikati ya kuchomwa nikaanza kusema. Nilimwambia yote, ukuta, shati, kilemba, kidevu juu. Alisikiliza huku ananawa mikono. Akasema sehemu mbavu zinapoungana na mfupa wa kifua zimevimba kwa kukandamizwa, hazikupewa nafasi ya kupona, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kukumbatia. Vidonge kidogo, kitambaa cha maji ya moto, miezi kadhaa bila kubeba kitu, basi. Akakaa kuandika cheti.

"Mama," nikamwambia, "andika tu kwamba si moyo. Sababu usiiandike."

Hakuinua kichwa. "Naandika nilichokiona. Ukitaka wasikisome, usiwape."

Hapa ndipo ninapojidharau kuliko wote niliowataja. Nilikuwa na karatasi mkononi inayosema sitakufa, na niliificha ndani ya kitabu cha sala wiki tatu. Kazi niliiacha, hilo nilifanya, nikawaambia nyumbani daktari amenipa likizo. Maumivu yakaanza kupungua, nami nikaendelea kujishika ziwa kwa makusudi. Maana fikiria: mgonjwa wa moyo huletewa mayai, wazee humpisha kiti, na akipita watu huacha kusengenya. Mkumbatia lumbesa hapishwi kiti na mtu. Nilipima mambo hayo mawili, nikaona afadhali nife karani.

Kisha Mzee Gervas akatuma neno kwamba Jumamosi anarudisha barua ya posa. Akwilina alikuja tena, na safari hii alikaa.

"Walikuambia nini kule?"

"Si moyo."

"Kuna cheti?"

"Kipo."

Alininyooshea mkono. Nikamwambia nitakipeleka mwenyewe Jumamosi. Akausogelea mkono wangu uliokuwa kifuani, akauondoa, akauweka juu ya goti langu. Halafu akaondoka kwenda kufuma masweta ya watu.

Jumamosi tulikuwa sebuleni kwa dada yake Mzee Gervas, hapo hapo mjini: mzee mwenyewe, mama yangu, Shangazi Menrada amevaa nyeusi kabisa ili msiba ukifika asichukue muda, Skola, na Akwilina. Nilisalimia, nikatoa cheti. Mzee Gervas alisema macho yake hayasomi tena, akampa Akwilina. Akwilina akasimama kama anayesoma somo kanisani.

Alisoma kwamba moyo umepimwa na ni mzima. Mama akashika mdomo. Alisoma kwamba mapafu ni mazima. Akaendelea, sauti ile ile, kwamba maumivu yametokana na kazi ya muda mrefu ya kukumbatia na kukandamiza magunia ya lumbesa kwa kifua, na kwamba mgonjwa aache kazi hiyo. Akakunja karatasi, akakaa.

Shangazi Menrada alikuwa anatafuta mahali pa kuangalia. Skola peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alinitazama kama ndugu.

Mzee Gervas akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, baba."

"Magunia yangu ya mwaka juzi. Uliyakumbatia wewe?"

"Niliyakumbatia mimi. Na ya mwaka jana."

"Ulipokunywa togwa yangu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa polepole, akitazama sakafu. Halafu akauliza, "Na yalikuuma?"

"Miaka miwili, baba. Mpaka kupumua."

Akafikiri. "Basi afadhali," akasema. "Nilidhani nimeumia peke yangu." Akamgeukia dada yake. "Mwambieni padre aendelee kutangaza."

Mahindi yaliyobaki ya msimu ule yalifungwa na vifua vya watu wengine, kisha mvua zikaja. Nilijifunza kulala ubavu wa kushoto. Bega likanyooka, fundi cherehani akalazimika kulifumua koti. Sugu lilibanduka kidogo kidogo likiwa ngozi kavu, na chale saba bado zipo, zinanidhihaki kila ninapooga. Kwa hiyo nakuambia wewe mwenye mkono kifuani: nenda ukapimwe, usinisikilize mimi wala shangazi yako, maana wapo wenye moyo kweli na wanahitaji kuwahiwa. Lakini ukiulizwa kazi yako, taja ile unayoivulia shati. Daktari hawezi kumtibu mtu uliyemwacha nyumbani.

Tulifunga ndoa baada ya Pasaka. Wakati wa kutoa zawadi Mzee Gervas aliingia uwanjani akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, mdomo wake umeshonwa sawasawa, bila kilemba, jina lake limeandikwa kwa mkaa. Akalishusha miguuni kwangu mbele ya wageni wote, akasubiri ngoma inyamaze.

"Hili ndilo gunia," akasema. "Lichukue, Karani."

Nikaliinua begani, nikaliingiza ndani, na halikuniuma.